Jimbo linapokusanyia mji ushuru: Marekani ilipata nini, na ni nini kinachobishaniwa hadi leo

MKENYA anayeingia dukani jijini Dallas, Texas, kwa mara ya kwanza hushangaa kidogo anapofika kwa keshia. Sanduku la nguo alilolichagua limeandikwa bei ya Dola 100, lakini anaambiwa alipe Dola 108 na senti 25. Yamkini atadhani amepunjwa.

La, hajapunjwa. Hapa nchini, bei tunayoiona kwenye rafu za maduka makubwa huwa tayari imebeba ushuru wa VAT. Nchini Marekani, aghalabu ushuru huongezwa mwisho, bidhaa zikishahesabiwa, na kiwango chake hubadilika kutoka mji hadi mji.

Zile Dola 8 na senti 25 zina wenyewe watatu. Dola 6 na senti 25 ni za jimbo la Texas. Dola moja ni ya jiji la Dallas. Dola moja iliyobaki ni ya DART, shirika la umma linaloendesha mabasi na treni katika eneo hilo, ambalo wapiga kura waliliidhinishia ushuru huo mwaka 1983.

Hata hivyo, mwenye duka hazipeleki fedha hizo mahali patatu. Hujaza taarifa moja na kutuma malipo kwa ofisi moja, ile ya Mdhibiti wa Hesabu za Umma wa Texas, jijini Austin. Ofisi hiyo ndiyo inayopasua kila dola na kumpa kila mwenyewe haki yake.

Mpango huu, ambapo jimbo hukusanya ushuru wa mauzo kwa niaba ya miji na kaunti, ni nguzo mojawapo ya fedha za serikali za mitaa nchini Marekani. Umewapunguzia wafanyabiashara mzigo na kuiletea miji midogo fedha ambazo isingeweza kuzikusanya yenyewe. Lakini pia umeibua swali ambalo sisi wenye kaunti 47 hatuwezi kulipuuza: anayeshika mkoba wa mwenzake azuiliwe na nini asiutie mkono?

CHIMBUKO LAKE

Ushuru wa mauzo ulishika mizizi Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Kabla ya hapo, majimbo na miji ilitegemea sana ushuru wa ardhi na majumba. Watu walipopoteza kazi na mashamba, ushuru huo haukulipika. Jimbo la Mississippi lilianza kutoza mauzo ya rejareja mwaka 1932, na katika muda wa miaka michache majimbo mengi yakafuata mkondo huo.

Leo hii majimbo 45 kati ya 50, pamoja na jiji kuu la Washington, hutoza ushuru wa mauzo. Majimbo matano yasiyokuwa na ushuru huo katika ngazi ya jimbo ni Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon.

Miji nayo haikukaa kitako. Jiji la New York lilianzisha ushuru wake mwaka 1934, zaidi ya miaka 30 kabla ya jimbo lenyewe la New York kufanya hivyo mwaka 1965. New Orleans ilifuata mwaka 1938. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miji mingi ya California pia ilijitungia sheria za aina hiyo.

Hapo ndipo vurugu zilipoanza. Kila mji ulikuwa na sheria yake, fomu zake na wakaguzi wake. Bidhaa iliyotozwa katika mji mmoja huenda isitozwe katika mji jirani. Mfanyabiashara mwenye matawi katika miji kadhaa alijaza fomu chungu nzima kila msimu, nao wanunuzi wakawa wanavuka mpaka wa mji ili kukwepa senti chache.

Mississippi ilionyesha njia mwaka 1950 kwa kuanza kuikusanyia miji yake ushuru huo. California ikapitisha sheria iitwayo Bradley-Burns mwaka 1955, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka 1956. Sheria hiyo iliweka sharti jepesi: mji au kaunti itakayokubali kutumia kanuni zilezile za jimbo itakusanyiwa ushuru wake na jimbo, kwa kiwango kilicho sawa kila mahali. Aidha, mnunuzi hangetozwa mara mbili na mji na kaunti kwa bidhaa moja.

Miji ilikubali. Ilipoteza uhuru wa kujiamulia kila jambo, lakini ikapata mkusanyaji mwenye nguvu, rekodi na wakaguzi.

MAMBO YANAVYOENDESHWA

Tuchukue tena mfano wa Texas. Sheria inaruhusu serikali zote za mitaa katika eneo moja, yaani mji, kaunti, shirika la uchukuzi na wilaya maalumu, kutoza jumla ya asilimia isiyozidi 2 juu ya asilimia 6.25 ya jimbo. Ndiyo maana mnunuzi hatozwi zaidi ya asilimia 8.25 popote Texas. Ushuru wa mtaa haupitishwi na madiwani peke yao. Sharti wapiga kura wauidhinishe.

Jimbo ndilo linaloamua bidhaa zipi zitozwe. Kwa mfano, vyakula vya kawaida vya nyumbani kama vile mkate, maziwa na mboga havitozwi na jimbo, na hivyo mji pia hauvitozi. Mwenye duka ana orodha moja tu ya kukumbuka.

Wafanyabiashara wanaotuma ushuru kila mwezi hutakiwa kuwasilisha taarifa na malipo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Baada ya hapo Mdhibiti huhesabu fungu la kila mji na kulituma. Mauzo yaliyofanywa Oktoba hufikia hazina ya mji Desemba. Kila mwezi ofisi hiyo hutangaza hadharani kiasi kilichopewa kila mji na kila kaunti, hivi kwamba mwananchi anaweza kulinganisha mapato ya mji wake na ya mwaka uliotangulia.

Jimbo halifanyi kazi hiyo bure. Sheria ya Texas inaliruhusu kubakia na asilimia 2 ya fedha za serikali za mitaa kama malipo ya huduma. Kwa hivyo, katika ile dola moja ya Dallas, senti 2 hubaki Austin na senti 98 hurudi jijini. Jimbo la Georgia hukata asilimia 1.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mji ukubali kukatwa? Jibu ni gharama. Mji wenye wakazi elfu tatu hauwezi kuajiri wahasibu na wakaguzi wa kupekua vitabu vya kampuni kubwa ambayo makao yake yako mbali. Jimbo linaweza. Mkaguzi mmoja wa jimbo akifungua daftari la kampuni, hukagua ushuru wa jimbo na wa miji yote kwa mpigo mmoja.

Mwenye duka pia hunufaika. Hujisajili mara moja, hujaza taarifa moja, na akiwa na malalamishi anajua mlango wa kubisha.

USHURU PACHA

Ushuru wa mauzo una pacha wake ambaye wengi hawamfahamu, nao ni ushuru wa matumizi. Ili kuuelewa, tuelekee kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, kwenye mto Columbia.

Upande mmoja wa mto kuna jiji la Portland, jimboni Oregon, ambako hakuna ushuru wa mauzo. Upande wa pili kuna mji wa Vancouver, jimboni Washington, ambako ushuru upo. Mkazi wa Vancouver akivuka daraja na kununua runinga Portland, hatozwi kitu dukani. Lakini akiirejesha nyumbani kuitumia, sheria ya Washington inamdai ushuru wa matumizi kwa kiwango kilekile ambacho angelipa kama angenunua katika mji wake.

Madhumuni ni mawili. Kwanza, kuwakinga wenye maduka wa Vancouver wasipoteze wateja kwa sababu ya ushuru tu. Pili, kuziba mwanya wa kukwepa.

Ushuru huo ulipingwa mahakamani mapema. Wanakandarasi waliokuwa wakijenga bwawa la Grand Coulee, jimboni Washington, waliingiza mitambo iliyonunuliwa katika majimbo mengine, wakakataa kulipa. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lilikuwa na haki ya kutoza matumizi ya mitambo hiyo, maadamu aliyekwisha kutozwa ushuru wa aina hiyo kwingineko hakulazimishwa kulipa mara ya pili.

Ugumu ulikuwa katika kuukusanya. Gari hushikwa kwa urahisi, kwani lazima lisajiliwe. Runinga, viatu na vitabu havisajiliwi popote. Mwananchi alitarajiwa kujitangaza mwenyewe na kulipa, na ni wachache mno waliofanya hivyo.

Mwaka 1967, na tena mwaka 1992, Mahakama ya Juu ilisema kuwa jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji asiye na duka, ghala wala wafanyakazi ndani ya mipaka yake kulikusanyia ushuru. Sababu kuu ilikuwa huu mseto wa viwango na kanuni za maelfu ya miji na kaunti. Majaji waliona kwamba kumtwika mfanyabiashara wa mbali mzigo wa kuzijua zote kungekwamisha biashara baina ya majimbo.

Intaneti ilipoenea, mwanya huo ukageuka lango. Mwenye duka wa mtaani alilazimika kuongeza ushuru kwenye bei yake, ilhali aliyeuza kupitia mtandao kutoka jimbo la mbali hakulazimika.

KESI YA 2018

Jimbo dogo la South Dakota ndilo lililovunja ukimya. Jimbo hilo halitozi ushuru wa mapato ya watu binafsi, hivyo hutegemea sana ushuru wa mauzo. Lilikadiria kwamba lilikuwa likipoteza kati ya Dola milioni 48 na milioni 58 kila mwaka kwa wauzaji wasiokuwa na maduka jimboni humo. Likatunga sheria ya kumtaka kila muuzaji wa mbali aliyeuza zaidi ya Dola 100,000 kwa mwaka humo, au aliyefanya mauzo 200 au zaidi, akusanye ushuru.

Kampuni ya Wayfair pamoja na nyingine zilipinga. Mnamo Juni 21, 2018, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kuipa South Dakota ushindi, na kuifutilia mbali kanuni ya 1967 na 1992.

Katika uamuzi huo kuna jambo ambalo wasomaji wengi walilipita haraka. Mahakama iliorodhesha sababu zilizoifanya sheria ya South Dakota isiwaonee wafanyabiashara. Haikuwalenga wenye mauzo machache, na haikudai ushuru wa miaka iliyopita. Na zaidi ya hayo, South Dakota ilikuwa mwanachama wa mkataba wa majimbo wa kurahisisha ushuru wa mauzo, ulioanza kutumika Oktoba 2005. Mkataba huo unadai kuwe na msimamizi mmoja wa ushuru katika ngazi ya jimbo, maelezo yaliyolingana ya bidhaa, viwango vilivyorahisishwa, na programu ya kompyuta ya kukokotoa ushuru inayogharimiwa na jimbo.

Kwa maneno mengine, kukusanyiwa na jimbo ndiko kulikosaidia kuifungulia miji mlango wa mapato ya mtandaoni. Baada ya uamuzi huo kila jimbo lenye ushuru wa mauzo lilitunga sheria ya aina hiyo, Missouri ikiwa ya mwisho kuanza kuitekeleza, Januari 2023. South Dakota yenyewe iliondoa kigezo cha mauzo 200 mwaka huohuo na kubakisha kile cha Dola 100,000.

WALIOKATAA KUACHILIA CHAO

Si wote waliokubali kumwachia jimbo mkoba. Huko Colorado, miji yenye mamlaka ya kujitawala kikatiba, ikiwemo Denver, Aurora na Boulder, hukusanya ushuru wake yenyewe na kujiamulia bidhaa zipi zitozwe. Louisiana ina kaunti 64, ambazo huko huitwa parokia, na ushuru wa mitaa hukusanywa humo na wala si na idara ya jimbo. Alabama nayo huruhusu miji na kaunti kujikusanyia au kumwajiri wakala.

Hoja zao si za kupuuzwa. Mji unaojikusanyia hupata fedha zake mapema, huwajua wafanyabiashara wake, na hauhofii kwamba mwanasiasa wa makao makuu ataamka siku moja na kubadilisha mgao. Asiyekuwa na mkoba wake, husema, hana neno.

Lakini baada ya 2018 majimbo hayo yalijikuta mashakani. Muuzaji wa mbali angewezaje kuamrishwa ajaze fomu za makumi ya wakusanyaji katika jimbo moja? Kila jimbo lilitafuta njia yake.

Louisiana iliunda tume maalumu ya kuwahudumia wauzaji wa mbali, ambao walianza kulazimika kukusanya ushuru kupitia kwayo Julai 2020. Mnamo Novemba 2021, wapiga kura waliulizwa kama wangependa katiba ibadilishwe ili kuwe na mfumo mmoja wa kukusanya ushuru wa jimbo na wa mitaa. Walikataa.

Colorado ilizindua mtandao mmoja mwaka 2020 ambapo mfanyabiashara anaweza kulipa ushuru wa jimbo na wa miji inayojitawala iliyojiunga nao. Alabama ilichagua kiwango kimoja cha asilimia 8 kwa wauzaji wa mbali wanaojiunga na mpango wake. Nusu ya fedha hizo huenda kwa jimbo, na nusu nyingine hugawiwa miji na kaunti kwa kuzingatia idadi ya watu. Baadhi ya miji imelalamika kwamba hupata kidogo kuliko kama bidhaa hizo zingeuzwa madukani mwake.

Alaska ndiyo iliyo na kisa cha ajabu zaidi. Jimbo halina ushuru wa mauzo, ila miji yake mingi inao. Kwa kuwa hakukuwa na jimbo la kuikusanyia, miji iliungana na kuunda tume yake ya pamoja, ambayo ilianza kuwasajili wauzaji wa mbali mwaka 2020.

Arizona, kwa upande wake, ilibadilisha mkondo kabisa. Tangu Januari 2017, Idara ya Mapato ya jimbo hilo hukusanya ushuru wa miji yote, ikiwemo ile mikubwa ambayo awali ilijikusanyia.

MAUZO YALIFANYIKA WAPI?

Jimbo likishakusanya, lazima liamue kila dola ni ya nani. Mtu akiwa nyumbani mwake katika mji mmoja aagize kiti kwa simu, kiti kitoke ghala la mji wa pili, na kampuni iwe na ofisi mji wa tatu, ni mji upi uliouza?

Kuna majibu mawili makuu. Baadhi ya majimbo husema ushuru ni wa mahali bidhaa ilikotoka. Mengine husema ni wa mahali ilikopokelewa. Jibu moja huitajirisha miji yenye maghala, na jingine huinufaisha miji yenye makazi ya watu.

Jimbo la Washington lilihama kutoka jibu la kwanza hadi la pili mnamo Julai 1, 2008. Mji wa Kent, ulio kusini mwa Seattle na uliojaa maghala, ulipoteza mapato. Barabara zake zilikuwa zikiendelea kukanyagwa na malori yaleyale, lakini ushuru wa mizigo yake sasa ulienda kwingine. Ili kupunguza machungu, bunge la jimbo lilitenga fedha za kuifidia miji iliyoathirika.

Huko Texas, mji wa Round Rock, yaliko makao makuu ya kampuni ya Dell, kwa miaka mingi ulihesabiwa mauzo ya kompyuta zilizopelekwa kwingineko jimboni, na ukagawana sehemu ya ushuru huo na kampuni hiyo. Mdhibiti alipobadilisha kanuni mwaka 2020 ili maagizo mengi ya mtandaoni yahesabiwe mahali mteja anakopokea, Round Rock na miji mingine, ikiwemo Coppell, ilielekea mahakamani. Mji hauandiki kanuni hizo, lakini bajeti yake hupanda na kushuka nazo.

MSHIKA MKOBA ANAPOBANWA

Jaribio kubwa zaidi la mpango huu huja wakati jimbo lenyewe linapokosa fedha. Historia ina mifano mitatu ya kutafakari.

Mwaka 1975 jiji la New York lilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Jimbo lilianzisha shirika la kuliokoa, na ushuru wa mauzo wa jiji ukageuzwa kuwa ushuru wa jimbo ili kwanza uwalipe walioliuzia shirika hilo mkopo. Kilichobaki ndicho kilichoendea jiji. Jiji liliokolewa, lakini halikuwa tena na kauli ya kwanza juu ya ushuru lililouanzisha lenyewe mwaka 1934.

Mwaka 2004 California ilikuwa na madeni mazito. Ilichukua robo ya ile asilimia moja ya ushuru wa miji na kaunti ili kudhamini hati za mkopo, nayo ikaifidia miji kwa fedha kutoka ushuru wa ardhi. Mpango huo wa mzunguko ulidumu hadi mwisho wa 2015. Wakazi hawakungoja yatokee mengine. Mnamo Novemba mwaka huohuo wa 2004 waliidhinisha marekebisho ya katiba ya kulizuia jimbo lisipunguze ushuru wa mauzo wa serikali za mitaa wala kubadilisha kiholela namna unavyogawanywa.

Mwaka 2017 Illinois, ikiwa imetoka katika mvutano mrefu wa bajeti, ilianza kukata asilimia 2 ya ushuru wa mauzo ambao miji ilikuwa imejiongezea, kama malipo ya kuukusanya. Miji ililalamika, na mwaka uliofuata makato yakashushwa hadi asilimia 1.5.

Katika visa vyote vitatu hapakuwa na wizi. Kila kitu kilifanywa kwa mujibu wa sheria, na hapo ndipo penye funzo. Mji uliomkabidhi mwingine mkoba haulindwi na urafiki bali na maandishi, na maandishi yaliyo imara zaidi ni yale ambayo mshika mkoba hawezi kuyabadilisha peke yake.

YANATUHUSU VIPI?

Kenya ilikuwa na ushuru wake wa mauzo kuanzia mwaka 1973 hadi uliporithiwa na VAT mwaka 1990. Tofauti na Marekani, Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 209, inaiachia serikali ya kitaifa pekee VAT, ushuru wa mapato, wa forodha na wa bidhaa. Kaunti zimepewa ushuru wa ardhi na majumba, wa burudani, na mwingine wowote utakaoidhinishwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma.

Kifungu hichohicho kinaonya kwamba ushuru wa kaunti usidhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa na huduma. Dereva wa lori la viazi au ndizi anayesimamishwa kwenye vizuizi kadhaa na kudaiwa ada katika kila kaunti anayopita anajua jinsi onyo hilo lilivyo rahisi kusahauliwa. Masaibu yake hayana tofauti kubwa na yale ya mfanyabiashara wa California kabla ya 1956.

Wazo la mkusanyaji mmoja si geni kwetu pia. Mwaka 2020, baadhi ya majukumu ya Kaunti ya Nairobi yalipohamishiwa serikali ya kitaifa, KRA ilipewa kazi ya kukusanya mapato ya kaunti hiyo. Kila pendekezo la aina hiyo linapozuka, upande mmoja hutaja mianya ya wizi katika ukusanyaji wa kaunti, na upande wa pili hutaja jinsi mgao wa kaunti unavyocheleweshwa na Hazina ya Kitaifa. Pande zote mbili zina hoja.

Uzoefu wa Marekani haumwambii mtu achague upande upi. Unachoonyesha ni kwamba swali la nani akusanye haliwezi kutenganishwa na maswali mengine manne. Anayekusanya atakata kiasi gani, na ni nani anayeweza kukipandisha? Fedha zitafika tarehe ngapi? Ni kanuni ipi itakayoamua mauzo yalifanyika wapi? Na je, mwananchi wa kawaida anaweza kuona kila mwezi kaunti yake ilipokea shilingi ngapi?

Pale ambapo majibu yamewekwa katika sheria na kutangazwa hadharani, miji ya Marekani imetulia na kufanya kazi zake. Pale yalipoachwa wazi, imeishia mahakamani au kwenye debe la kura. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mgeni wetu wa Dallas, akiikunjua risiti yake, ataona ushuru umeandikwa kama kiasi kimoja tu. Hataona senti 2 zilizobaki Austin, wala senti 98 zilizorudi kukarabati barabara anayoikanyaga akitoka dukani. Lakini akitaka kujua, takwimu hizo zipo, zimechapishwa, na hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuzisoma.